Mwani unavyogeuza mafuta yake kuwa silaha baharini

HARUFU inayomwita mteja katika kibanda cha chipsi haitokani na viazi pekee. Sehemu kubwa yake hutoka kwa kemikali iitwayo dekadienali, ambayo huzaliwa pale mafuta ya kupikia yanaposhambuliwa na oksijeni ya hewani katika joto kali la karai.

Kemikali iyo hiyo hupatikana baharini, mbali na moto wowote, ndani ya mwani mdogo usioonekana kwa macho. Huko hutengenezwa katika maji baridi kwa muda wa sekunde chache, na badala ya kumvutia mlaji humtia hasara kubwa: huua watoto wake.

Wanakemia huziita kemikali za jamii hii oksilipini. Jina hilo lilipendekezwa mwaka wa 1991 na mtafiti William Gerwick na wenzake katika taarifa yao kuhusu mwani mmoja mwekundu. Limeunganisha oksijeni na lipidi, yaani mafuta. Kwa ufupi, oksilipini ni asidi ya mafuta ambayo imetiwa oksijeni.

Ufafanuzi huo mfupi unabeba mambo mengi. Baadhi ya oksilipini za mwani ni sumu, nyingine ni kengele za hatari, nyingine huvuta mbegu za kiume ziende kwa za kike, na moja kati yazo hutumiwa na madaktari hospitalini kumwanzishia mama uchungu wa kujifungua.

Ili kuelewa jinsi zinavyotengenezwa, ni lazima kwanza kuyatazama mafuta yenyewe. Kila seli ya kiumbe hai imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta. Katika mwani, ngome kubwa zaidi ya mafuta hayo imo ndani ya seli, katika vyumba vidogo ambamo mwangaza wa jua hugeuzwa kuwa chakula.

Asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni. Pale ambapo kila kaboni imejaa hidrojeni inayoweza kubeba, mnyororo huwa imara na mafuta huganda, mfano wa samli. Pale ambapo hidrojeni imepungua, baadhi ya kaboni hushikana kwa vifundo viwili badala ya kimoja, na mnyororo hupinda. Mafuta ya namna hii husalia majimaji hata katika baridi, jambo linalowafaa sana viumbe wa baharini.

Omega-3, ambayo wauzaji wa dawa huisifu kwenye chupa za mafuta ya samaki, ni mafuta ya aina hiyo. Wengi hudhani samaki ndiye mtengenezaji wake. Ukweli ni kwamba samaki huipata kwa kula, na mtengenezaji mkuu wa asili ni mwani.

Udhaifu wa mafuta haya ni kwamba kati ya kifundo kimoja na kingine kuna kaboni ambayo hidrojeni yake hung'oka kwa urahisi. Ikishang'oka, oksijeni hujipenyeza. Ndiyo sababu mafuta ya namna hiyo huchacha upesi yakiachwa wazi. Lakini kuchacha ni ajali isiyo na mpango: oksijeni hupiga popote inapopata nafasi, na kinachobaki ni mchanganyiko wa uchafu wa kila aina.

Mwani haungoji ajali. Una vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, na kimoja kati yavyo, lipoksijenasi, ndicho fundi mkuu wa shughuli hii. Moyoni mwake mna atomi ya chuma. Hushika mnyororo wa mafuta, hung'oa hidrojeni katika kaboni moja maalum na kupachika oksijeni mahali panapotakiwa, wala si pengine.

Kinachopatikana huitwa haidroperoksidi, na hakikai sana. Kuanzia hapo njia hugawanyika. Kimeng'enya kimoja huukata mnyororo vipande viwili na kutoa aldehaidi fupi kama dekadienali. Kingine hutuliza haidroperoksidi na kuifanya kuwa asidi isiyo kali sana. Vingine huupinda mnyororo hadi ukawa na pete katikati.

Mimea ya nchi kavu hufanya vivyo hivyo. Harufu ya nyasi mbichi zilizofyekwa ni aldehaidi na alkoholi zilizokatwa kutoka kwa mafuta ya majani kwa njia hii hii. Tofauti ni kwamba mimea ya ardhini hutumia zaidi minyororo ya kaboni 18, na wanyama hutumia zaidi ile ya kaboni 20. Mwani hutumia yote miwili, na ule wa hadubini huongeza minyororo ya kaboni 16 pia. Ni kana kwamba umeazima karakana ya mmea na ya mnyama kwa wakati mmoja.

Aldehaidi hizi ni kali. Hugusana na protini na chembe za urithi na kuziharibu, na seli ambayo ingeziweka akiba ndani yake ingejiua yenyewe. Kwa hivyo mwani hauweki sumu, bali huweka malighafi upande mmoja na vimeng'enya upande mwingine.

Mpishi yeyote ameuona mpango huu kwenye kitunguu. Kikiwa kizima hakimlizi mtu. Kisu kinapopita, vilivyotengwa hukutana na machozi hutiririka. Muhogo mchungu nao hutoa sumu yake ya sianidi kwa utaratibu kama huo, seli zake zinapovunjwa.

Uwezo huu umechunguzwa zaidi katika diatomu, mwani wa seli moja unaoishi ndani ya gamba la silika, madini yale yale yanayofanya kioo. Diatomu hukadiriwa kufanya karibu sehemu moja kwa tano ya kazi yote ya usanisinuru duniani. Huliwa na kopepodi, vijidudu vya jamii ya kamba ambavyo vingi havifiki urefu wa punje ya mchele, na kopepodi huliwa na samaki wachanga. Kwa miongo mingi vitabu vya elimu ya bahari vilifundisha kwamba diatomu ni nyasi, kopepodi ni mbuzi, na kwamba nyasi zikistawi mbuzi hunenepa.

Dosari katika hadithi hiyo ilianza kuonekana miaka ya 1990. Watafiti wakiwemo Adrianna Ianora wa kituo cha utafiti wa bahari cha Anton Dohrn mjini Naples, Italia, kilichoanzishwa mwaka wa 1872, na Serge Poulet wa Ufaransa, waliona kwamba kopepodi wa kike waliolishwa diatomu fulani kwa wingi walitaga mayai ambayo hayakuanguliwa. Mama mwenyewe alibaki mzima, akila na kuogelea.

Mwaka wa 1999 kundi la Naples, likiongozwa na Antonio Miralto, lilichapisha katika jarida la Nature majina ya wahusika: aldehaidi tatu, dekadienali ikiwa mojawapo. Zilisimamisha ukuaji wa viinitete vya kopepodi na vya jamaa wa baharini wenye miiba ambao watu wa Pwani huwaita urumbu. Kwenye maabara zilizuia hata seli za saratani ya binadamu kuongezeka.

Mwaka uliofuata mwanakemia wa Ujerumani, Georg Pohnert, alionyesha jambo ambalo pengine ndilo la kushangaza zaidi katika habari hii yote. Diatomu nzima ya aina ya Thalassiosira rotula haina aldehaidi hizo za kutajika. Ikivunjwa, hutokea ndani ya sekunde chache. Kimeng'enya cha kwanza huyakata mafuta kutoka kwenye utando, lipoksijenasi huyatia oksijeni, na mkasi wa mwisho huachilia sumu. Kinachobonyeza kitufe ni meno ya mlaji mwenyewe.

Baadaye, mwaka wa 2004, Ianora na wenzake walieleza kilichowapata watoto wa kopepodi ambao mama zao walilishwa diatomu ya Skeletonema. Hata pale mayai yalipoanguliwa, wengi wa vifaranga walitoka na viungo vilivyopotoka na hawakukua hadi utu uzima. Athari ilikuwa imepitishwa kutoka kwa chakula cha mama hadi kwa mwana.

Ingekuwa rahisi kukatiza hapo na kutangaza kwamba diatomu ni wauaji. Sayansi haikukubali upesi hivyo. Mwaka wa 2002, Xabier Irigoien pamoja na kundi kubwa la watafiti waliyakusanya matokeo kutoka maeneo 12 ya bahari mbalimbali duniani. Hawakupata uhusiano wowote wa jumla kati ya wingi wa diatomu na kushindwa kwa mayai kuanguliwa. Baharini, tofauti na kwenye chupa ya maabara, kopepodi ana nafasi ya kuchagua na kuchanganya chakula.

Halikadhalika, si kila diatomu ina silaha hiyo. Thomas Wichard na wenzake walizipima aina 51 mwaka wa 2005, na ni kama thuluthi moja tu zilizotoa aldehaidi. Hata ndani ya aina moja, ukoo mmoja ulizitoa na mwingine haukutoa.

Kisha mambo yakazidi kutatanika. Angelo Fontana na wenzake wa Italia waliripoti mwaka wa 2007 kwamba diatomu za jenasi ya Chaetoceros zisizotoa aldehaidi nazo ziliwadhuru watoto wa kopepodi. Silaha yao ilikuwa oksilipini nyingine, kutoka njia zile nyingine za haidroperoksidi. Waliokuwa wakitafuta aldehaidi peke yake walikuwa wakiikosa sehemu ya sumu.

Mabishano haya si ya wasomi tu. Samaki akiangua mayai yake wakati kopepodi wachanga ni haba, vifaranga vyake hufa njaa, na mvuvi hujua habari hiyo miezi au miaka baadaye, wavu unapotoka mtupu. Ikiwa mlipuko wa diatomu unaweza kupunguza kizazi kijacho cha kopepodi katika mahali fulani na kutofanya hivyo kwingine, basi kupima wingi wa mwani kwa setilaiti hakutoshi kutabiri wingi wa samaki. Ni lazima kujua ni mwani gani.

Kuna fumbo jingine. Seli ikishavunjwa imekufa. Sumu itaifaidi nini? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba diatomu huzaana kwa kujigawa, hivyo majirani wengi ni wa damu moja. Kifo cha mmoja kikipunguza walaji wa kesho, ukoo hunufaika. Jibu hilo lina upungufu wake, kwa kuwa mawimbi huwatawanya walaji na ndugu bila kuuliza nani ni wa nani.

Utafiti wa Assaf Vardi na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2006, uliongeza maelezo mengine. Diatomu zilizoonjeshwa dekadienali kidogo zilitoa ishara ndani ya seli, kisha zikawa sugu zilipokutana na dozi kubwa baadaye. Zilizopata dozi kubwa moja kwa moja zilikufa. Kwa hivyo kemikali inayomdhuru mlaji huweza pia kuwa mbiu inayopigwa na seli inayokufa ili zilizo hai zijiandae, na majirani wanapokuwa wamezidiwa, amri ya kufa pamoja.

Mwani mkubwa, ule unaoshikika kwa mkono, una matumizi yake. Katika mwani wa rangi ya kahawia, mabaki ya mafuta yaliyotiwa oksijeni na kukatwa hutumika katika uzazi. Mwaka wa 1971 Dieter Müller na wenzake nchini Ujerumani walitangaza umbo la kemikali ambayo seli za kike za mwani uitwao Ectocarpus huitoa na kuvuta seli za kiume. Waliipa jina ektokapini.

Mwaka wa 1995 ilibainika kwamba mvuto halisi ni wa kemikali inayotangulia hiyo, ambayo hujibadilisha yenyewe kuwa ektokapini baada ya dakika kadhaa na kupoteza nguvu. Wito huo una faida ya kutodumu. Seli ya kiume haiwezi kupotezwa na harufu ya jana.

Mwani mwekundu ndio unaomgusa mkulima. Nchini Chile hulimwa mwani wa Gracilaria chilensis, ambao huchemshwa ili kupata agari, ute unaotumiwa kugandisha vyakula na kukuzia bakteria katika maabara. Adui mkubwa wa shamba hilo ni mwani mwingine mdogo unaoota juu ya matawi, ukizuia mwangaza na kuyadhoofisha.

Mwaka wa 2006 Pohnert na wenzake walionyesha kwamba Gracilaria iliyojeruhiwa huachilia asidi za mafuta kutoka kwa utando na kuzigeuza oksilipini, na kwamba kemikali hizo hupinga wavamizi wanaotaka kuota juu yake. Katika mwani mwekundu wa pwani za Ulaya uitwao Chondrus crispus, watafiti wa Ufaransa walikuwa wameripoti mwaka wa 2004 kwamba kinga dhidi ya mwani mwingine unaoingia ndani ya mwili wake hutegemea oksilipini za kaboni 18 na za kaboni 20 kwa pamoja.

Pwani ya Kenya na Tanzania ina haja ya kulifuatilia suala hili. Zanzibar imelima mwani kwa biashara tangu mwaka wa 1989, na katika vijiji vya kaunti ya Kwale kama Kibuyuni na Mkwiro, wengi wa wakulima wakiwa wanawake, matawi hufungwa kwenye kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi na kuvunwa baada ya wiki kadhaa. Mwani huo, Eucheuma na Kappaphycus, pia ni mwekundu.

Kila msimu huanza kwa jeraha. Mkulima hukatakata matawi ya mavuno yaliyopita na kuyafunga upya, na kila ncha iliyokatwa ni mlango kwa wavamizi. Maji yakizidi joto, matawi hupauka, hulainika na kukatika, ugonjwa ambao wataalamu duniani huuita kwa jina la barafu kwa sababu ya weupe wake. Hasara humwangukia mwanamke aliyesimama majini tangu alfajiri.

Matokeo ya Chile hayawezi kupachikwa Kwale hivi hivi, kwa maana kila aina ya mwani ina mseto wake wa vimeng'enya. Lakini yanafungua njia ya kuchagua mbegu. Ikiwa tawi moja hujibu jeraha upesi kuliko jingine, hilo ni jambo linaloweza kupimwa katika maabara kabla ya kamba kufungwa, badala ya kungoja ugonjwa uchague.

Gracilaria ina jambo jingine linalomhusu mlaji. Baadhi ya aina zake zina kimeng'enya kinachoikunja asidi ya arakidoni, mnyororo wa kaboni 20, kuwa prostaglandini E2. Kemikali hiyo ni ile ile ambayo mwili wa binadamu huitengeneza wakati wa homa, uvimbe na kujifungua, na ndiyo iliyomo katika dawa ya kuanzisha uchungu wa uzazi. Watafiti nchini Australia waliikuta katika Gracilaria mwishoni mwa miaka ya 1970.

Nchini Japan, ambako mwani huo huitwa ogonori na huliwa pamoja na samaki mbichi, watu kadhaa waliugua miaka ya 1980 na tena mwaka wa 1993 baada ya kuula bila kuutayarisha, wakatapika, wakaendesha na shinikizo lao la damu kushuka. Baadhi yao walifariki. Wanasayansi wa huko, Nobuhiro Fusetani na Kanehisa Hashimoto, waliripoti mwaka wa 1984 kwamba waliipata prostaglandini E2 katika mwani huo, na tangu hapo imekuwa mshukiwa mkuu. Dhana iliyopo ni kwamba vimeng'enya vya mwani mbichi huendelea na kazi yao baada ya kumezwa, vikitumia pia mafuta ya samaki aliyeliwa pamoja nao.

Ogonori inayouzwa madukani haina hatari hiyo. Kwa kawaida hutiwa chokaa na kupitishwa katika maji ya moto kabla ya kufika sokoni, matayarisho ambayo huugeuza mwani kutoka rangi ya hudhurungi hadi kijani kibichi. Joto hilo huviharibu vimeng'enya, na mafuta yaliyomo ndani hubaki kuwa mafuta tu.